Nyumba Ambayo Baba Hakukubali Kupewa

Baba yangu, Sulle, hakuwa mchoyo wala mvivu. Alikuwa mtu wa shaka. Ukimsalimu kwa uchangamfu uliozidi kidogo, atajiuliza siku nzima unataka nini kwake. Mpaka leo nikimkumbuka hasira inanipanda, halafu nacheka, halafu hasira inarudi.

Mwaka wa uhuru tuliletewa mganga wa zahanati hapa Endagikot, Gervasi, mtu wa Songea. Wote tulimwita Daktari. Baba alimkatia kiwanja bure kando ya shamba letu, na mama yangu, Eufrasia, akawa anampelekea maziwa kila asubuhi. Daktari akajenga nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, juu bati tupu. Alipohamishwa kurudi kwao mwaka 1971, alimwita balozi wa nyumba kumi, akaandika mbele yake kwamba nyumba anampa Sulle, iwe yake na ya watoto wake. Mama alipiga vigelegele. Baba aliikunja karatasi, akauliza, "Anarudi lini?"

Kwetu ng'ombe anaweza kukaa zizini mwako miaka kumi, ukamkamua na kutumia samadi yake, na bado akawa wa rafiki yako aliyemweka kwako. Siku yoyote mwenyewe anatokea kumwangalia. Baba aliitazama nyumba ile vivyo hivyo. Tulihamia, lakini chumba cha mbele hakuruhusu mtu alale. Mama akikoka moto, baba anachungulia kama moshi unachafua ukuta.

Mwaka 1973 maksai wetu wawili walikufa kwa ugonjwa ndani ya wiki moja. Shamba la eka sita likabaki la jembe la mkono, na mkono wenyewe ni wa mama, maana mguu mmoja wa baba ulikuwa mbovu tangu ujana. Mama akaenda kwa miguu hadi Mbulu mjini kuuliza habari za mkopo. Benki wakamjibu kwamba ardhi ni ya serikali, lakini nyumba ya bati iliyo juu yake inaweza kuwekwa rehani. Fedha zingetosha maksai wawili na plau.

Bwana Patriki wa benki akaja na futi ya kamba kuipima nyumba. Baba alimfuata kila kona akichechemea.

"Anapima nyumba ambayo hainunui. Kwa nini?"

"Anatafuta thamani yake, Baba Fabiola," mama alisema, akimwita kwa jina langu. "Tukishindwa kulipa ndipo wataichukua."

"Umesikia? Wataichukua. Gervasi akija nitamwambia nini?"

"Si alikupa?"

"Hakuna mtu anayetoa bati."

Nilikuwa darasa la tano, nikaandikishwa barua kwenda Songea. Jibu lilifika baada ya miezi miwili: "Bwana Sulle, nyumba ni yako. Kopa, uza, hata ukitaka bomoa." Nilimsomea mara tatu. Badala ya kutulia, akazidi kuingiwa na wasiwasi. Alisema mtu anayekuruhusu ubomoe nyumba yake anakupima. Jioni akanihoji kama mwandiko ule si wa Patriki.

Siku ya kuweka dole gumba, Patriki alifungua wino mezani. Baba aliuangalia muda mrefu, kisha akatia mkono mfukoni.

"Sitaki kuitwa mwizi," alisema.

Patriki alikusanya karatasi zake akaondoka. Kesho yake alfajiri mama alichukua jembe akaenda shambani.

Mwaka 1975 ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Tulipewa siku mbili. Baba alishusha mabati moja moja, akayasomba kwa punda hadi kijiji kipya, akayapanga nyuma ya kibanda chetu na kuyafunika kwa majani. Sisi tulilala chini ya nyasi zinazovuja. Mama alipoomba mabati kumi tu ya kuezekea, baba alimjibu kwamba ng'ombe wa mtu akifa kwako, unamwekea mwenyewe ngozi. Nilimchukia siku ile, nasema wazi.

Daktari alikuja mwaka 1977, akiwa safarini kwenda Arusha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia na kushangaa nilivyokua. Baba sijapata kumwona na furaha kama ile. Ilikuwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Nilijua utarudi!" alisema, akafunua majani. "Mabati arobaini na nane. Hesabu mwenyewe."

Daktari aliyatazama mabati. Akalitazama paa letu, na sufuria zilizokinga maji sakafuni.

"Bwana Sulle, mimi nimekuja kuwasalimu tu."

"Hesabu kwanza," baba alisema, akaanza kuhesabu yeye mwenyewe kwa sauti.

Mama alikuwa anapandisha njia kutoka shambani. Alikuwa ameinama, na alipotufikia aliendelea kuinama, maana mgongo wake ulikuwa haunyooki tena. Daktari alimpokea jembe, akamshika mkono, akaugeuza kiganja na kukikagua kama alivyokuwa akifanya zahanati.

"Mama Fabiola, umefanya nini hivi?"

Mama alimtazama baba, ambaye alikuwa amefika bati la thelathini.

"Nilikuwa nakutunzia nyumba, Daktari."