Kiti cha Picha ya Kumi na Sita

Kabura hakuanza na ujuzi, alianza na aibu. Katika harusi ya kwanza aliyoipiga picha, aliita jamaa makundi kwa makundi, hawa wakiingia wale wakitoka. Alipofika nyumbani akakuta bwana harusi na baba yake hawamo pamoja hata mara moja. Aliomba msamaha mpaka koo likamkauka.

Aliyemwokoa ni Okello, mhadhiri wa kompyuta katika chuo cha Chepkoilel, aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti. Alimwandikia daftarini: kila mtu ana tarakimu yake, aliyemo ni moja, asiyemo ni sifuri. Kisha akaanza kuhesabu: 0000, 0001, 0011, 0010.

"Kila hatua ni tarakimu moja tu inageuka," akasema. "Kuna mashine huhesabu hivi ndio zisichanganyikiwe. Hakuna kundi utaruka, na ukimaliza, geuza moja tu, uko pale ulianzia."

Tangu siku hiyo, studio ya Kabura pale mtaa wa West Indies ina sheria moja: baada ya kila picha, mtu mmoja tu aingie au atoke. Anayetaka kubishana akapigwe picha kwingine.

Jumamosi moja walifika Irungu, Wahome na Nyaguthii kutoka Moi's Bridge, pamoja na mama yao wa miaka tisini, Waiyego, ambaye wote walimwita Cucu, yaani nyanya. Walitaka kila kundi linalowezekana. Shida ilikuwa magoti ya Cucu.

"Mimi nitasimama mara moja tu," Cucu akaonya. "Ya pili mtanibeba."

Kabura akampa tarakimu ya kushoto, ile isiyo na haraka, inayongoja nusu ya hesabu ndipo igeuke, akamkalisha kwanza kwenye benchi. Irungu akaingia. Wahome akamfuata. Irungu akatoka. Picha saba zikaisha Cucu akiwacheka tu wanawe wenye mvi wakigombania mahali pa kusimama. Nyaguthii alipobaki peke yake, ndipo mama akainuka, akakalia kiti kilichowekwa katikati, akatulia. Wakaja na kuondoka kwa zamu, mpaka Irungu alipotoka na picha ya kumi na tano ikawa ya Cucu peke yake. Kabura alitaka kuruka kwa furaha.

"Imebaki moja, Cucu, ile ya sifuri tupu. Mimi hufunga hesabu na kiti kitupu."

Cucu akashika kiti kwa mikono miwili. "Kitupu? Hiyo mtakuja kupiga nikishaitwa na Mungu. Leo kiti kina mwenyewe!"

Wakaangua kicheko, Cucu akiwashinda wote, na Kabura akabonyeza kamera. Hesabu haikufungwa, na picha hiyo ya Cucu akicheka kitini ndiyo aliyoitundika mlangoni mwa studio.