Watu wa Pumzi wa Mtaa wa Sikukuu

Mtaa mzima wa Sikukuu ulijua kwamba Jumapili alasiri, uani kwa Celina, watu wazima na akili zao hukusanyika kuhema. Walihema kwa zamu, wakakohoa, kisha wakageuziana migongo na kupigana makofi mgongoni kwa viganja vilivyokunjwa kama vya mtu anayeteka maji. Majirani walisema pale panapungwa pepo. Balozi wa nyumba kumi akaja na kofia yake ya Chama, uso umekunjamana.

"Mkutano wa nani huu? Una kibali?"

"Ni kazi, Ndugu Balozi," Celina akajibu. "Kila mmoja hapa ana hospitali yake, lakini kazi yetu moja. Tunawafundisha wagonjwa kupumua."

"Tangu lini kupumua kukafundishwa?"

"Vua shati tukuonyeshe."

Balozi hakuvua. Lakini alikaa mpaka birika la chai likaisha, tena chai yenye sukari, na sukari miaka ile ilikuwa ya foleni. Nadhani kibali kilipatikana hapo.

Celina alikuwa mwanamke wa Kibosho, mfupi, mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya korongo. Daktari mmoja mgeni alimfundisha kazi ya vifua, kisha akapanda ndege kurudi kwao, akamwachia mapafu ya wodi nzima. Hakuwa na wa kumuuliza. Basi akafunga kanga, akazunguka hospitali za mji akitafuta wenziwe, akampata Leodegar huku na Vitalis kule, na wengine kadhaa. Kila mmoja alidhani yuko peke yake Dar es Salaam nzima. Mkono mmoja haulei mwana, wakakubaliana kukutana kwa Celina, na sharti likawa moja tu: usije mikono mitupu, njoo na ujanja mmoja uwape wenzako.

Mwaka ule maputo ya kuwapulizisha wagonjwa hayakuonekana dukani. Ujanja wa Vitalis ulikuwa mpira wa ndani wa kandanda. Binamu yake alikuwa akifua jezi za klabu ya Jangwani, akampa mipira iliyochakaa. Mgonjwa anapuliza, mapafu yanatanuka, makohozi yanatoka. Celina alichukua mmoja, akaenda nao kazini akicheka peke yake njiani.

Wodini alilazwa Mzee Sadalla, Mzaramo wa Kisarawe, muuza nazi wa jumla pale sokoni Kariakoo. Alikuwa amepasuliwa tumbo, na kwa maumivu alikuwa akipumua kidogo kidogo kama anayeiba. Daktari alikwishasema: mzee huyu asipojaza kifua, homa ya mapafu itamchukua.

"Puliza hapa, Mzee," Celina akamwambia.

Mzee akaugeuza ule mpira. "Umeutoa wapi?"

Celina hakujua kandanda wala hakutaka kuijua. "Kwa watu wa Jangwani. Wametupa bure."

Masikini Celina! Sadalla tangu ujana wake kijiwe chake kilikuwa Msimbazi, kwenye klabu ya mahasimu wa Jangwani. Aliutupa mpira ukagonga mguu wa kitanda.

"Bora nife! Niwapulizie mpira watu wa Jangwani, mimi?"

Tangu hapo kila alichokileta Celina, kwa mzee kilikuwa na hila. Akipewa chupa ya kupuliza, anafumba mdomo. Akiambiwa akohoe, anageukia ukutani. Homa ikapanda. Celina aliogopa sana, maana alimpenda yule mzee. Miaka mingi alinunua nazi kwake, na hakukosa kutiliwa moja ya nyongeza kwenye kikapu.

Jumapili akawaeleza wenzake. Leodegar akashauri mpira upakwe rangi nyekundu ya Msimbazi, watu wakacheka mpaka wakahema bila zamu.

"Mnacheka nini? Mzee wa watu anakufa!" Celina akafoka, machozi yakimlengalenga.

Vitalis akauliza, "Ulisema Mzaramo?"

"Mzaramo, ndiyo."

"Na mimi Mnyamwezi. Kesho nakuja."

Kesho yake saa ya kutazama wagonjwa Vitalis aliingia wodini na shuka jeupe kwapani na kamba mkononi. Hakusalimu. Alianza kumpima Sadalla kutoka nyayo hadi utosini.

"Wewe nani?" Sadalla akauliza kwa sauti ya chini.

"Mnyamwezi wa Tabora. Nimesikia unakufa, nikasema niwahi, Wazaramo wenzako wasije wakamaliza ubwabwa wa matanga." Akamtandikia lile shuka kifuani. "Sanda inakupendeza."

Wodi nzima ilishika mbavu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hachukiwi, mtani hujibiwa, na anayenyamaza kashindwa. Sadalla alijua hivyo kuliko wote. Akafungua kinywa: "Nyinyi Wanyamwezi..." Pumzi ikakata.

Vitalis akatega sikio. "Sikusikii, marehemu."

Celina akamwekea mzee mto juu ya kidonda. "Shika hapa, Mzee. Vuta kwanza, ijae, ndipo umtukane."

Sadalla akavuta, akavuta tena. "Nyinyi mlifika pwani hii na mizigo ya watu kichwani, na mpaka leo hamjaitua!" Kikohozi kikampanda, makohozi yakaangukia beseni, naye akavuta nyingine bila kuambiwa, maana alikuwa bado na tusi la mama yake Vitalis.

Hapo akatokea Sista Clotilda, mkuu wa wauguzi, ambaye kwake hata kupiga chafya wodini kulihitaji ruhusa. Aliiona sanda. Vitalis alitolewa kwa mlango wa nyuma, shuka likabaki, na Celina akaambiwa ataitwa ofisini.

Siku zilizofuata Sadalla alimtuma Celina matusi ya kumpelekea Vitalis. Kila tusi alilifanyia mazoezi kwa sauti, mto tumboni, mpaka likatoka kwa pumzi moja. Homa ikashuka. Daktari alipotega sikio kifuani mwake na kutabasamu, Celina alikwenda nyuma ya chumba cha kufulia akalia kwa furaha.

Ndipo akaitwa ofisini. Alisimama mbele ya meza akijua kazi imekwisha.

"Ile sanda," alisema Sista Clotilda.

"Shikamoo, Sista. Ni shuka tu la—"

"Marahaba. Nyamaza." Sista akainuka, akafunga mlango. "Wodi ya wanawake nina mama wa Kihehe. Hataki kukohoa. Nimembembeleza, nimemgombeza, wapi." Akavua kofia yake nyeupe, akaiweka mezani. "Na mimi Mngoni. Lete hilo shuka, unionyeshe mto unashikwa wapi."

Punde kidogo wodi ya wanawake ikasikia sauti ambayo haijapata kusikika humo: "Wewe Mhehe! Unakufa, mbwa wako unamwachia nani amle?" Kicheko kikalipuka, halafu kikafuata kikohozi kirefu, kizito, cha mtu aliyekusudia kujibu.