Siku Tuliyoisingizia Sinema

Juzi nilipita kwa fundi mmoja karibu na soko la Jericho kuchukua pasi yangu, nikamkuta amefungua televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, na ameiwasha vivyo hivyo ikiwa wazi. Ilikuwa ikitoa harufu ya vumbi lililopata moto. Watoto wa siku hizi hawaijui harufu hiyo, maana televisheni zao ni nyembamba kama trei. Mimi niliitambua kabla hata sijageuka kutazama. Nilisimama pale na pasi yangu mkononi, na kwa muda nikawa tena na miaka kumi na mmoja, nimeketi kwenye mkeka wa Mama Zuhura, goti la ndugu yangu Kioko likinichoma ubavuni.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Tulikaa Jericho, katika zile nyumba za kaunsili ya jiji ambamo jirani akikaanga kitunguu nanyi mnashiba harufu. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Mama alishona sare katika kiwanda, na Jumamosi pia alienda kazini hadi jioni. Wote wawili walitoka Machakos, kwa hiyo ndani tuliongea Kikamba, mlangoni Kiswahili, na huko nje na wenzetu tuliongea ile lugha ya mtaa ambayo Baba aliiita kelele.

Mama Zuhura alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na alipofariki alimwachia binti mmoja, televisheni, mashine ya video na sanduku la kanda. Jumamosi alasiri Mama Zuhura alitoa viti nje, akatandika mkeka ndani, akatuita watoto kwa kiingilio kidogo ambacho mara nyingi alisahau kukidai. Nyingi zilikuwa sinema za makarate, na waigizaji walisema Kichina mwanzo hadi mwisho. Zuhura, aliyekuwa kidato cha pili na hakujua neno hata moja la Kichina, alitutafsiria bila kusita. "Anamwambia arudishe ng'ombe wa babu yake," alisema, nasi tuliamini, ingawa hatukuona ng'ombe popote.

Sitadanganya kwamba sinema zile hazikutugusa. Tulitoka mle ndani tukirusha mateke. Kioko, aliyekuwa na miaka sita, alijifunga leso ya Mama kichwani na kwa wiki nzima akakataa kuitika jina lake. Alitaka aitwe Staringi, jina tulilompa kila shujaa wa sinema.

Mwaka huo shule yetu ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya ngonjera, na mimi nilichaguliwa kuwa kiongozi. Sikuwa mtoto wa kuchaguliwa. Nilikuwa mrefu kupita kiasi, na kazi yangu shuleni ilikuwa kufuta ubao. Sasa nilikuwa na mistari arobaini, na niliikariri nikifua, nikichota maji, hata nikisali. Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa nane. Kwa kuwa ni mimi niliyemlinda Kioko siku hiyo, Baba aliahidi atarudi saa saba akae naye. Jumamosi ya kwanza alichelewa. Ya pili alichelewa zaidi, nikafika wenzangu wakiondoka. Mwalimu alinitazama akasema, "Mwikali, ukikosa tena, nafasi yako nampa mwingine."

Jumamosi ya tatu nilivaa sare niliyoipiga pasi tangu asubuhi, nikaketi kwenye ukuta mfupi ulio mbele ya nyumba, juu ya karo la kufulia nguo. Kwa Mama Zuhura hakukuwa na sinema. Mashine yake ilikuwa kwa fundi tangu wiki iliyotangulia, na kanda zimefunikwa kitambaa. Saa saba ilipita. Saa nane ikapita. Kioko alikuwa akitembea juu ya ukuta, leso kichwani, akinivuta mkono kila mara.

"Mwikali, tucheze sinema. Mimi ni Staringi, wewe adui."

"Niache."

"Basi kuwa mama yake adui."

Karibu saa kumi akaja Atieno, tuliyesoma naye, bado ana jasho la mazoezi. Hakuja kunicheka. Alisimama mbali kidogo akasema, "Mwalimu amenipa mistari yako. Unaweza kunionyesha pale katikati?" Nikamwonyesha. Nikamtajia mstari mmoja mmoja hadi akaushika, akanishukuru, akaenda zake.

Kioko akanyoosha mguu wake wenye tope, akaupangusa kwenye sketi yangu, akacheka. Nilimsukuma kwa mikono yote miwili. Ukuta haukuwa mrefu, ulimfika mtu mzima kiunoni, lakini karo lilikuwa la zege, na paja lake likagonga ukingo. Nilisikia ule mlio. Mpaka leo sipendi kumsikia mtu akivunja muwa.

Mama Zuhura alitoka mbio mikono imejaa unga wa chapati. Hakuniuliza kitu. Aliwaita wanaume wawili, wakamlaza Kioko kwenye ule ule mkeka wa sinema, wakambeba hadi hospitali nami nikifuata nyuma. Njia nzima alimshika kichwa akimwambia, "Tulia mwanangu, tumefika," na tulikuwa bado hatujafika.

Baba alitukuta huko, akinuka sigara za watu wengine. Mama alikuja kutoka kiwandani moja kwa moja, nyuzi bado zimeng'ang'ania gauni lake. Baba akanishika bega.

"Ilikuwaje?"

Nilitazama mkeka, nikatazama unga uliokaukia mikononi mwa Mama Zuhura.

"Tulikuwa tunacheza sinema," nikasema.

Baba akashusha pumzi. Nilidhani ni pumzi ya hasira.

Jumapili baada ya kanisa majirani walikusanyika mbele ya nyumba zetu. Baba aliongea vizuri, alikuwa na sauti ya kuongea. Alisema tumekaribisha wageni wabaya katika vichwa vya watoto wetu, na leo ni mguu, kesho je? Watu walitikisa vichwa kukubali. Mama Zuhura alisimama mlangoni pake, Zuhura nyuma yake, akangoja wamalize.

"Hata mimi naumia," alisema. "Lakini jana hapakuwa na sinema. Mashine iko kwa fundi, mnaweza kwenda kuuliza."

"Mtoto hasahau alichokiona," mzee mmoja akamjibu, na likawa neno la mwisho. Kabla ya kuingia ndani Mama Zuhura alinitazama, si kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayemngojea mwenzake amalize sentensi. Nikainamia viatu vyangu.

Hakuna mtoto aliyeruhusiwa tena kwake. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameuza televisheni, yeye na Zuhura wakahamia Eastleigh kwa dada yake. Kioko alikaa na plasta kwa miezi, na ilipotolewa mguu ule ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Familia yetu ikasifiwa. Baba aliponunua televisheni miaka kadhaa baadaye aliifungia kabatini kwa kufuli, na kanisani akaalikwa kuzungumza na wazazi wengine juu ya malezi. Alizungumza vizuri. Mimi nilikaa safu ya pili na kitabu cha nyimbo mapajani.

Mimi na Baba tulizungumza juu ya jambo hilo mara moja tu, akiwa mzee na mgonjwa, nimekwenda Machakos kumwogesha. Ilikuwa asubuhi, jua linaingia dirishani, nami nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni.

"Ile Jumamosi nilikuwa Makadara nacheza drafti," akasema ghafla. "Nilikuwa nashinda. Ndiyo maana sikuondoka."

Sikuuliza ni Jumamosi gani.

"Nilimsukuma, Baba. Hatukuwa tunacheza."

"Najua. Nilikuona uso pale hospitali."

"Mbona hukuniuliza?"

Aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Ningekuuliza kwa nini umemsukuma, ungeniambia ulikuwa unamngoja nani."

Nilimaliza mguu mmoja, nikahamia wa pili. Hakufika msimu wa mavuno.

Baada ya mazishi nilimtafuta Mama Zuhura. Nilikuwa nimechelewa kwa miaka minne. Nilimpata Zuhura, ana duka la vitambaa na wajukuu wawili, akanikaribisha chai, nami nikamweleza yote kuanzia ngonjera. Alisikiliza akikunja kitambaa kile kile mara tatu.

"Mama alijua umekasirishwa," alisema. "Alikuona umekaa pale ukutani tangu mchana. Alisema angekuja kukuchukua, akasema ngoja amalize chapati."

"Nilipaswa kusema, dada."

"Ulikuwa mtoto." Akaweka kitambaa kwenye rafu. "Baba yako hakuwa mtoto."

Sasa mimi mwenyewe ni mzazi, na kila ninapoitwa shuleni nasikia wenzangu wakilaumu simu, wakilaumu vibonzo, wakilaumu nyimbo. Sikatai. Sinema ndiyo iliyomfundisha Kioko kupanda juu ya ukuta. Lakini hasira iliyokuwa mikononi mwangu haikutoka kwenye kanda yoyote. Ilikua saa kwa saa mbele ya nyumba yetu, na mtu mzima yeyote angeweza kuiona kama angekuwapo. Nikiwa mtoto nilidhani nimewadanganya watu wazima. Sikujua kwamba nilikuwa nimewapa kitu walichokihitaji, na ndiyo sababu walikipokea haraka vile.

Alikuwa amebaki Kioko. Kila Krismasi huwasimulia watoto wake jinsi shangazi yao alivyomshinda Staringi kwa pigo moja, na wote hucheka, yeye zaidi ya wote. Mwaka jana nilimwita nje tukakaa ngazini, watoto wakiwa ndani mbele ya televisheni, nikamwambia. Alikuwa akisugua paja lake kama afanyavyo wakati wa baridi, na mkono ukasimama.

"Kwa hiyo hatukuwa tunacheza," alisema.

"Wewe ulikuwa unacheza."

Akatazama mlango, kule vicheko vilikotokea.

"Na hawa niwaambie nini?"

Nimekuwa na mwaka mzima wa kufikiri, na Krismasi inakaribia tena, na bado sijampa jibu.