Uwanja wa Maman Cécile Ulivyofagiliwa

Maman Cécile alizaliwa Bukavu, akalelewa kuamini kwamba adabu ya nyumba huonekana kwenye uwanja wake. Uwanja hufagiliwa asubuhi mpaka udongo ubaki mtupu. Nyasi ni uvivu, na tena huficha nyoka. Imani hiyo aliibeba hadi Brussels, nyumbani kwa mwanawe Onésime katika komini, yaani manispaa, ya Forest, na hakuna aliyejisumbua kumweleza kwamba hapa watu huutazama uwanja kwa jicho lingine.

Onésime alikuwa mjane, mfanyakazi wa kiwanda cha magari, mpole kupita kiasi. Nyumba yake ilikuwa nyembamba na ndefu kama nyingi za mji ule: chini gereji, juu sebule, juu zaidi vyumba vya kulala, na ngazi kali katikati. Kufikia mwaka 2013 magoti ya mama yake yalikuwa yamechoka kabisa. Alishushwa Jumapili kwenda kanisani, akapandishwa tena huku ameshikwa makwapa, akiwaambia waliomshika, "Polepole, mimi hapana gunia ya mihogo!" Siku nyingine zote alikaa dirishani. Daktari alisema waziwazi: apate chumba cha chini, la sivyo aende kwenye nyumba ya wazee. Nyumba ya wazee ndiyo aliyoiogopa kuliko kaburi.

Basi Onésime akaamua kumjengea chumba nyuma ya gereji, chenye bafu na mlango wa kutokea uwanjani. Mchoraji wa ramani, Mbelgiji kijana aliyeitwa Hilaire, alimwambia kwamba komini haitoi ruhusa ya kujenga hivihivi. Ukifunika ardhi kwa jengo, lazima mahali pale pabaki na uhai mwingi kuliko ulivyopakuta: mimea ya nchi hii, maua ya nyuki, mahali pa ndege kutagia. Kwa bahati uwanja wa Onésime ulikuwa umeachwa miaka mingi. Ukuta wote ulikuwa umefunikwa na mimea inayotambaa, na pembeni kulikuwa na vichaka vizee vilivyojaa shomoro. Hilaire aliandika kwamba vyote hivyo vitatunzwa, na paa la chumba litapandwa majani.

"Usiguse kitu," alimwambia Onésime. "Pori hili ndilo litakalokupa ruhusa."

Ombi likapelekwa. Matangazo mekundu yakabandikwa mlangoni ili majirani waseme kama wana pingamizi, na hakuna aliyepinga. Ikabaki wakubwa wa komini waje kuutazama uwanja Jumanne moja ya mwezi wa tano.

Hapa ndipo ninapomlaumu Onésime, ingawa nampenda, na tunasali kanisa moja. Aliona haya kumwambia mama yake kwamba serikali ya Wazungu inataka pori. Alijua atacheka, kisha atakasirika. Akamwambia tu, "Maman, mardi wageni wa komini watakuya kuangalia lupango." Akaishia hapo, bila kusema kwamba lupango, yaani uwanja, usiguswe. Mtu akimnyima mzazi wake ukweli kwa kuogopa dakika tano za ubishi, anamtendea kama mtoto mdogo.

Kwa Maman Cécile neno wageni lilikuwa na maana moja. Akampigia simu Rolande, kiongozi wa akina mama wa kanisa.

"Rolande, mwanangu, niko na haya. Wakubwa ba État banakuya, na lupango ya Onésime iko sawa kaburi ya muntu asiyekuwa na ndugu."

"Mais maman, juu ya nini hukusema? Samedi tunafanya salongo."

Jumamosi Onésime alikuwa kazini. Akina mama walikuja kwenye salongo, yaani kazi ya pamoja, na mapanga, majembe na fagio, kama wanavyokwenda kwa mwenzao aliyefiwa au anayeozesha binti. Maman Cécile aliamuru kutoka dirishani.

"Ile ya ukuta, toa yote! Na ile michaka, Rolande, ile inaficha panya!"

"Maman, iko na ndege ndani."

"Ndege batatafuta kwingine! Bazungu bakikuta hivi batasema Bacongolais ni bashenzi."

Walicheka, wakaimba, wakang'oa hadi mizizi. Jioni takataka zote zilikuwa zimeondolewa na udongo umefagiliwa kwa mistari, kama Bukavu. Onésime alipofungua mlango wa gereji, akina mama walipiga vigelegele, na juu dirishani mama yake alipiga makofi.

"Sasa uko na lupango ya muntu, mutoto yangu!"

Onésime aliutazama udongo ule mtupu. Kisha akasema, "Aksanti sana, bamaman," akaenda kuwanunulia soda.

Jumanne wageni walikuja wawili, na Hilaire. Walitazama karatasi, wakatazama udongo. Mwanamke wa komini hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kilichoahidiwa kutunzwa hakipo, na kwamba viota vimeharibiwa wakati ndege wanalea. Ombi haliwezi kuendelea. Ichorwe ramani mpya, ahadi za mimea ziwe kubwa zaidi, matangazo yabandikwe upya. Sheria ile ilikuwa nzuri, na mwanamke yule aliifuata ilivyo. Sina la kumlaumu.

"Nani aliyefanya hivi?" Hilaire aliuliza, karibu alie.

"Ni mimi," Onésime alisema.

Onésime alimwambia mama yake kwamba karatasi za komini zinachelewa. Mwezi wa kumi, akijaribu kujishusha peke yake kutoka chumbani hadi choo cha sebuleni, Maman Cécile aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Hospitali haikukubali kumrudisha kwenye nyumba ile. Akapelekwa kwenye nyumba ya wazee huko Uccle, penye miti mizuri na watu wasiojua neno lake hata moja. Kila Onésime alipokwenda, mama yake aliuliza, "Chumba?" Naye alijibu, "Karibu, maman."

Rolande, aliyekwisha kusikia kilichotokea, alikwenda kumwona mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Alikwenda na moyo wake mzito, akautua pale pale kitandani. Alimweleza yote: pori, ndege, komini. Alidhani anatubu. Kumbe alijipunguzia mzigo akamtwika mgonjwa, na hilo nimemwambia usoni.

Ruhusa ilitoka mwezi wa tatu. Onésime alikwenda Uccle mbio, bado amevaa nguo za kazi.

"Maman, wametupa permis! Bon, kabla ya Noël utakuwa nyumbani."

Mama yake hakucheka. "Rolande aliniambia. Ni mimi njo niliharibu."

"Apana, maman. Ni architecte alikosea."

"Onésime. Usinidanganye, niko mama yako." Akamshika mkono. "Unisamehe."

Kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Onésime, mtu wa miaka hamsini, hakujua aweke wapi neno lile. Akisema amemsamehe, atakuwa amekubali kwamba mama yake alikosa. Akakataa kulisema. Akasema, "Ngoja nikutafutie chai," akatoka. Alisimama kwenye korido akilia, uso kautia ukutani, na aliporudi mama amelala.

Maman Cécile alifariki kabla ya Jumapili, bila kuzungumza naye tena.

Onésime hakuwahi kujenga. Wengi wanamwambia kwamba mama alijua moyo wake. Huenda alijua. Lakini mama anayeomba msamaha hapimwi kama ana kosa au hana. Anajibiwa. Onésime analijua hilo kuliko yeyote kati yetu, ndiyo maana nikimkuta amekaa peke yake baada ya ibada nakaa tu kando yake.