Maziwa ya Bata ya Mutale

Wiki iliyopita nililia jikoni kwa sababu ya kikombe kimoja cha maziwa yaliyochacha.

Mimi, Chomba Donat, miaka tisini na moja, meno matano. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikalia mpaka mjukuu wangu akataka kuita daktari.

Msicheke kwanza. Ngojeni niwaeleze.

Mjukuu mwenyewe anaitwa Hortense; mimi ananiita Kambo, yaani babu. Anasoma pale chuo kikuu cha Kasapa, na alikulia Dar, ndiyo maana Kiswahili cha maandishi haya kimenyooka namna hii, ingawa na mimi huongea cha kwetu. Mimi nasema, yeye anaandika kwenye simu yake. Lakini maneno ya watu nimemkataza kuyanyoosha. Wakisema vile, aandike vile.

Basi aliingia na chupa mkononi, uso umejaa habari mpya.

"Kambo, kunywa hii. Iko muzuri sana kwa tumbo. Banaita kefir. Ku internet ba docteur bote banaisifu."

"Kefir?" nikamjibu. "Mutoto yangu, mi niliua kefir mbele mama yako azaliwe."

Akaniangalia kama mtu aliyeanza kupotewa na akili.

Nikanywa. Ndipo nikalia.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Mwaka ni 1955, bado ukoloni. Mji huu wazungu wanauita Élisabethville, na mimi ni mpishi kwa Madame Vera, mjane wa Kirusi anayefundisha piano watoto wa wazungu wenzake.

Nilikuwa kijana wa kujidai, sikatai. Nilikuwa nimefuata mafunzo ya usafi, nikapewa karatasi yenye muhuri. Hiyo karatasi niliitia kwenye fremu nikaitundika ukutani kwangu, mtaa wa Katuba, juu ya picha ya ndoa yetu.

Ndiyo, juu. Mutale mke wangu hakusahau jambo hilo mpaka anakufa.

Nyumba yenyewe tulikuwa bado tunaijenga. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, tumefunika kipande kimoja kwa maturubai, humo ndimo tunalala: mimi, Mutale, mtoto wetu Musonda, na baba mkwe, mzee Kapya, aliyestaafu kazi ya reli.

Siku zile ukikosa kazi, ukikosa na karatasi ya kazi, mji unakutapika. Unarudi kijijini na mke na mtoto, na kuta zako unaziachia mvua. Kwa hiyo kazi kwa Madame Vera haikuwa kazi tu. Ilikuwa ndiyo paa letu.

Madame alikuwa na ugonjwa wa tumbo. Nyama, tumbo linauma. Mkate, tumbo linauma. Kitu kimoja tu kilimtuliza: maziwa yake ya ajabu.

Alikuwa na chupa ya kioo, ndani yake chembe nyeupe, laini, zimeshikana kama wali uliopikwa vibaya. Unazimwagia maziwa. Kesho yake maziwa yamekuwa mazito na yamechacha. Unachuja, unakunywa, chembe unazirudisha kwenye maziwa mapya. Kila siku, bila kuruka hata moja.

Alisema alizitoa kwao, alipewa na mama yake. Akaziita watoto.

"Donat, batoto ya mimi nakula?"

"Nakula, Madame."

Kila asubuhi namna hiyo. Mimi najibu kwa heshima, moyoni nasema mama huyu jua limempiga.

Na zile chembe zilizaana, bana! Kila wiki zinajaa chupa. Madame akaniambia za ziada nizitupe, hakuna rafiki yake hata mmoja aliyezitaka.

Jumamosi Mutale alikuwa akija mlango wa nyuma, mtoto mgongoni, kuchukua maganda na mabaki ya jikoni. Nikamtilia na zile chembe kwenye kopo.

Akanusa. Akarusha kichwa nyuma.

"Mawe! Ba Madame banakunywaka bintu bya kuoza?"

"Usionje hata kidogo," nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye karatasi. "Ile iko na microbes. Unapatia bata tu."

"Nimesikia, Baba Musonda. Napatia bata."

Tangu hapo kila Jumamosi namuuliza, "Bata banakula?" Naye ananijibu, "Banakula sana, banaanza kunenepa." Bata wenyewe, alisema, tumewaweka kwa mama yake mkubwa mtaa wa pili, maana kwetu ua haujafungwa.

Sawa. Mwezi wa kumi, Madame akapata safari ya Jadotville, ubatizo wa mtoto wa rafiki yake. Siku nne.

Akanisimamisha jikoni, akanishika mabega yote mawili. Mzungu kunishika mabega, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Donat. Batoto nakufa, mimi nakufa. Wewe nasikia?"

"Nasikia, Madame."

"Mama ya mimi iko ndani ya ile chupa."

Akaenda kupanda treni.

Sasa wiki hiyohiyo majirani wakaanza maneno ya homa ya tumbo. Kila mtu anasema chemsha maji, chemsha vyombo, chemsha kila kitu. Nani tena wa kunifundisha mimi kuchemsha? Nilikuwa na fremu!

Nikaiangalia ile chupa. Nikawaza: Madame ni mwanamke wa piano, mambo ya microbes, vile vijidudu, atayajua wapi? Tumbo lake linaumwa kila siku, na hivi vitu havijawahi kuona maji ya moto tangu Urusi. Nikimsafishia, atarudi akute afya tupu, ataniongezea mshahara.

Jumanne asubuhi nikachemsha maji mpaka yakaruka. Nikamwaga chembe zote kwenye bakuli. Nikazimwagia.

Nikazikoroga vizuri na kijiko, jamani, ili hata moja isikose moto.

Kisha nikazirudisha kwenye chupa, nikatia maziwa, nikajisifu mwenyewe.

Jumatano nikafungua. Maziwa ni mepesi kama jana, yananuka vibaya, harufu nyingine kabisa. Chembe zimekuwa za njano, ngumu, zinateleza kidoleni kama mpira. Nikabadilisha maziwa. Nikaiweka chupa juani. Nikaiweka kivulini. Nikaisemesha. Kweli ya Mungu, mwanamume mzima nikaisemesha chupa, "Batoto, kuleni, tafazali."

Mchana nikaelewa. Nilikuwa nimempika mama wa Madame.

Treni ilikuwa inarudi Alhamisi asubuhi.

Nikapanda baiskeli mpaka Katuba. Nikamkuta Mutale anasonga bukari, ugali wetu, baba mkwe amekaa kando anangoja.

"Mama Musonda, funga bintu. Tunarudia ku mugini."

Kusikia habari za kurudi kijijini, mwiko ukasimama kwenye chungu. "Juu ya nini?"

"Nimeua batoto ya Madame."

"Umebaua namna gani?"

"Nimebachemsha."

Akaniangalia. Akaiangalia ile fremu ukutani. Halafu huyo, akaanza kucheka! Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka Musonda mgongoni naye akaanza kucheka bila kujua kitu.

Hasira ikanipanda. "Nyumba haina paa, kazi imekwisha, na weye unacheka?"

"Mi nafanyaka munkoyo tangu iko mutoto," akasema, anajipangusa macho. Munkoyo ni kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kinachacha chenyewe kwenye kibuyu. "Kintu yenye inachemka yenyewe bila moto, ile iko muzima. Unaimwangia je maji ya moto? Hata mutoto kidogo anajua."

"Mafunzo hayakusema vile."

"Mafunzo!"

Akaenda nyuma ya mtungi wa maji, pale penye baridi, akatoa kibuyu kidogo kilichofungwa na kitambaa.

"Onja."

"Nini hii?"

"Maziwa ya bata."

"Bata hana maziwa, Mutale. Usinichezee leo."

"Onja kwanza."

Nikaonja. Mazito. Machachu. Kwa nyuma kuna harufu ya mzizi wa munkoyo. Akachuja mbele yangu, na kwenye kitambaa zikabaki chembe nyeupe, nono, zimeshikana. Watoto wa Madame! Wazima! Wengi kuliko wale niliowapika!

Lililonitoka mdomoni ni hili: "Na bata banakula nini sasa?"

Baba mkwe akakohoa.

"Bata gani?" Mutale akaniuliza. "Baba Musonda, ulishaonaka bata yetu na macho?"

Nikafikiri. Kweli, sijawahi.

"Na ile tulikula Pasaka?"

"Ilikuwa ya soko."

Jamani. Miezi minane nauliza hali ya bata wasiokuwepo.

Akanieleza yote. Baba yake alikuwa akikaa siku tano bila kwenda choo, tumbo limekaza kama ngoma, dawa alizopewa hazisaidii. Mutale akanusa lile kopo, akatambua ni ndugu wa munkoyo. Akalea chembe kwenye kibuyu, akakata na kipande cha mzizi akatia humo, kwa sababu alisema bila hivyo yananuka kizungu. Mzee akaanza kunywa.

"Wiki mbili tu," mzee Kapya akasema, mara ya kwanza kufungua mdomo. "Mukwe yangu, mi naenda sasa kama saa ya gare ya treni."

Mutale alikuwa amewagawia na wanawake wa mtaa wetu, nyumba sita au saba. Wote wanayaita maziwa ya bata, ili mimi nisijue.

"Na mi njo peke yangu sikupewa?" nikauliza, nimeumia kweli.

Wakaangaliana.

"Ule uji wako wa asubuhi," akasema polepole. "Unawaza ule uchachu unatokaka wapi?"

Mungu wangu. Kile kiungulia changu kilichokwisha mwezi wa tano! Nilikuwa nimewaambia watu wote ni sababu ya usafi! Kama ni maziwa yale au ni Mungu mwenyewe, mimi si daktari. Lakini tangu hapo sikusema tena habari za usafi mbele ya Mutale.

Ile fremu niliishusha siku hiyohiyo. Picha ya ndoa ikapanda juu.

Alhamisi Madame akarudi. Hata kofia hakuvua, akaja moja kwa moja jikoni. Nikampa kikombe cha yale ya kibuyu cha Mutale.

Akanywa kidogo. Akafumba macho. Akanywa tena.

"Donat. Hii hapana ya mimi."

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeandaa hata maneno, ng'ombe amebadilisha majani, mambo kama hayo. Lakini nikaona ile mikono yake, imeshika kikombe kama mtu ameshika barua ya kwao. Nikashindwa.

Nikasema yote. Maji ya moto, bata, kibuyu, uji. Nikamaliza, nikavua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya meza, nikangoja kufukuzwa.

Madame akakaa chini. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia.

Alikuwa anacheka.

"Ine," akasema, ananionyesha vidole vinne. "Mimi naua batoto mara ine! Moja kwa jua, mu bateau, ku bahari. Moja kwa maji ya moto, sawasawa wewe!"

"Sasa zilirudi je, Madame?"

"Mimi napatia bantu. Rafiki, jirani. Ya mimi nakufa, bao narudisha." Hapo kicheko kikamwisha. "Huku hakuna muntu anataka. Mimi natupa tu. Sasa mimi naona, muke ya wewe hapana tupa."

Akaniambia nivae aproni.

Jumapili iliyofuata alikuja Katuba. Mzungu kuja kwetu, tena kukaa kwenye kigoda, halikuwa jambo la kila siku. Mtaa mzima ulisimama kuangalia. Alimletea Mutale kitambaa cha maua, akanywa munkoyo vikombe viwili, akauliza kwa uso mkavu kabisa, "Bata iko wapi?"

Mutale alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka uliofuata nyumba yetu ikapata paa. Ndilo hili lililo juu ya kichwa changu sasa hivi, ninapoongea.

Madame aliondoka miaka ile ya uhuru. Mutale akaendelea kulea kibuyu chake miaka hamsini na kitu. Kila bibi harusi wa mtaa, kila mwanamke aliyetoka kujifungua, kopo. Mimi namwambia, "Unaimaliza yote ku bantu!" Yeye haniangalii hata.

Alikufa mwaka 2013, mwezi wa pili.

Na mimi, mpumbavu mimi, nilikaa kitandani wiki tatu. Sikula, sikuongea na mtu. Nilipoamka nikakumbuka kibuyu nyuma ya mtungi. Nikafungua. Kimekauka.

Niliwaua mara ya pili. Safari hii hakukuwa na Mutale wa kunicheka. Sikumwambia mtu, nilikificha kibuyu, na kwa miaka yote hii sikuonja tena.

Mpaka Hortense na chupa yake.

Nilipoinywa nikapata uzito, nikapata uchachu. Halafu, kwa nyuma, mzizi wa munkoyo.

Kefir haitiwi munkoyo popote duniani. Ni mtu mmoja tu nilimjua anatia.

"Umeitosha wapi hii?" nikamuuliza alikoitoa, machozi yananitoka.

"Kuko mama moya anauzishaka pembeni ya campus, Kambo. Kwao ni Katuba. Anasema aliachiwa na nkambo yake, naye alipewaka na jirani, kitambo sana." Akasita kidogo. "Ku chupa aliandika kefir juu ya bastudents. Lakini aliniambia, kwao banaiita jina moya ya kuchekesha."

Sikungoja amalize.

Ninyi mnaosoma, mna kitu kizuri nyumbani? Wapeni watu. Msingoje muombwe, msiangalie kama wataweza kuwalipa. Chenu kitakufa siku moja, chetu kilikufa mara mbili mikononi mwangu mwenyewe. Cha Mutale kiko kwa watu, na asubuhi hii nimekinywa kwenye uji.

Hortense, aliyetuletea chembe kutoka kwa yule mama, ananiuliza leo tuwapelekee nani za ziada.

Nimemwambia bata.