Mwizi wa Sauti ya Gérard

Karibu na soko la Kasongo, Gérard alikuwa na kibanda cha kuwatilia watu nyimbo na filamu katika simu. Wenye vibanda vya namna hiyo walikuwa wengi, lakini wateja waliwapita wote wakaja kwake, kwa sababu filamu za Kichina alizifasiri mwenyewe. Jumapili mchana alijifungia chumbani nyumbani kwake, akawasha ordinatere, yaani kompyuta, akashika mikro ya kunasia sauti, akayafunika maneno ya Wachina kwa Kiswahili cha Kasongo.

Kichina hakukijua hata neno moja. Aliangalia nyuso, akaamua. Katika filamu zake vita vyote vya Uchina vilizuka kwa sababu ya mbuzi wa mahari, na kila mzee mwenye ndevu ndefu alikuwa mjomba aliyekuja kudai fungu lake.

Siku moja redio ya mji ilimleta wakili kuzungumzia haki za watunzi. Wasikilizaji walipiga simu, wengine wakiuliza mtu wa Kasongo aione wapi filamu ikiwa si kwenye simu ya mwenzake. Wakili hakulegea. Anayenakili kazi ya mtu bila ruhusa ni mwizi, alisema, na sheria lazima ikazwe.

Gérard alizima redio. "Huyu anasumbua watu bure," alimwambia Mado, mke wake. "Miye sikuiba kitu. Wachina bado wako na filime yao."

Mado aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Juma lilelile alipita kibandani Dady, motari anayebeba watu kwa pikipiki kwenda Wamaza na Kabambare.

"Papa Gérard, ulifungua kibanda kingine kule Wamaza?"

"Kibanda gani?"

"Iko kijana mumoja, Raphaël, anauzisha filime zako. Sauti ni yako kabisa. Ila pa mwanzo anasema: hii ni kazi ya Raphaël."

Tangu saa ile wakili wa redio akawa mtu wa maana sana kwake. "Sheria ikazwe," alimwambia kila mteja, huku akimtilia nyimbo za watu kwenye simu. "Ikazwe kabisa." Kesho yake akapanda pikipiki ya Dady kwenda kumkamata mwizi wake.

Barabara ilikuwa matope matupu. Pikipiki iliwabeba kidogo, nao wakaisukuma sana, na Gérard alifika Wamaza akiwa na njaa kuliko hasira. Aliingia katika mgahawa wa mama mmoja aitwaye Hidaya.

"Mama, nipatie ugali na samaki."

Watu wote waligeuka. Hidaya aliweka mwiko chini.

"Sema tena."

"Ugali na samaki."

"Ni yeye," Hidaya aliwaambia wenzake. "Ni ule wa mbuzi." Akavuta kiti, akakaa mbele ya Gérard. "Papa, Mado iko muzima?"

"Mado unamujua wapi?"

"Nani hapa hamujui Mado? Ile filime ya panga mbili, wanapoanza tu kukatana, anakuambia utoke uanue nguo, mvua inakuja. Na ile ya mufalme, anauliza kwa nini mutu muzima anajifungia mu chumba anabweka."

Gérard alisahau njaa. Ukuta wa chumba chake cha kurekodia ulikuwa mwembamba, sauti ya Mado iliupita mpaka kwenye mikro, na yeye hakuwa na desturi ya kusikiliza kazi yake mpaka mwisho.

"Na ile bati inayovuja, yenye Mado analalamikia kila siku," mzee mmoja aliuliza toka pembeni, "ulishatengeneza?"

"Bado."

"Basi mama Mado anasema kweli."

Watu walimwita Raphaël. Alikuja upesi, kijana mpole, akamsalimia Gérard kwa mikono miwili.

"Umeniibia sauti," Gérard alisema. "Nani alikupa ruhusa?"

"Mukubwa, na weye Wachina walikupa?"

"Wachina wako mbali."

"Na Kasongo haiko karibu. Barabara umejionea mwenyewe."

Wote walicheka, hata Dady. Gérard alisema kwamba kufasiri ni kazi ya akili.

"Ni kweli," Raphaël alikubali. "Ile mambo ya mbuzi ni ya akili sana. Lakini wateja wanataka zile Mado anasema. Zenye hasemi nimeziacha. Na mahali anaposema, miye ninarudilia mara mbili, watu wasikie muzuri."

Katika yote aliyoyasikia siku ile, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikula ugali wake, akarudi Kasongo.

Mado aliisikiliza hadithi yote hadi mwisho.

"Kwa hiyo Wamaza wananisikia," alisema.

"Wanakusalimia."

"Na hapa Kasongo?"

Gérard aliinama kufuta matope viatuni.

"Weye miaka yote unauzisha sauti yangu," Mado alisema. "Nani alikupa ruhusa?"

"Sikujua kama inaingia."

"Na Raphaël angekuambia hivyo, ungekubali?"

Jumapili iliyofuata Mado aliingia chumbani na kiti chake, akakaa karibu na mikro. Mzee mwenye ndevu alipotokea, Gérard alianza na mbuzi.

"Huyu hatafuti mbuzi," Mado alimkatiza. "Angalia macho yake. Huyu amekimbia bibi yake."

Kwa hiyo ilikuwa filamu ya mtu aliyemkimbia mke wake, na askari elfu nzima walikuwa mashemeji wanaomtafuta. Gérard alicheka mpaka mikro ikaanguka. Mwishoni alitangaza kwamba ni kazi ya Gérard na Mado, na kunakili ni marufuku.

"Mado na Gérard," mkewe alisahihisha.

"Ordinatere ni ya nani?"

"Sauti wanayoitaka ni ya nani?"

Walibishana kwa muda mrefu, wakaingiza na mambo ya ndugu zao. Walipokumbuka mikro, yote yalikuwa yameingia. Gérard alitaka kuyafuta, lakini Mado alimshika mkono. Bila ruhusa yake, alisema, hapo hafuti hata neno moja.