Begi la Kupandia Kilima Ukiimba

Harufu ya majani mabichi ya chai yaliyotandazwa kituoni kungoja karani wa kuyapima, pale Boito, inafanana na ya nyasi zilizokatwa punde zikanyeshewa, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Uganda. Nieleze. Kwaya ya watoto ya kanisa letu ilikuwa imealikwa Kampala, na wiki hiyo hiyo rafiki yangu Kiplangat, ambaye mjomba wake alikuwa utingo wa lori la chai, akaniambia kwamba mpakani kuna mzani. Alisema una ndoana kama ile ya karani wetu, ila nene kama paja la fahali, na kila msafiri huninginizwa hapo pamoja na begi lake kama gunia la majani. Ukizidi uzito unabakizwa, unapewa kikapu, unachuma chai ya watu mpaka ukonde. "Mjomba ameona kwa macho yake," Kiplangat alisema. "Kuna mzee alibakizwa huko, sasa ana wajukuu." Lisemwalo lipo, wahenga walisema, nami niliamini. Ningeamini hata kama angesema huyo mzee ni babu yangu.

Mwalimu wetu wa kwaya, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha mawe, hakuwa na habari za mzani, lakini alikuwa na sheria yake. Kanisa letu liko juu ya kilima ambacho hata mbuzi hukipanda huku akipumzika njiani. Kila mwanakwaya angebeba begi lake mwenyewe kutoka barabarani hadi mlangoni, na akifika, kabla hajavuta pumzi vizuri, aimbe ubeti mzima. Ukikatika pumzi, begi ni zito: toa kitu, shuka, panda tena. Ukishindwa kabisa, nafasi yako anapewa mwingine, na waliokuwa wakiingojea walikuwa wengi kuliko siafu. "Siendi ng'ambo na kwaya inayohema," alisema. Hata kufungasha alitufundisha kwa mambo tuliyoyajua. Majani ya chai hayashindiliwi kikapuni. Yakishindiliwa yanapata moto, yanaungua, na karani anakurudishia. Nguo nazo ziwe chache, zikae kwa kulegea, ile utakayoihitaji kwanza iwe juu. Sweta unalivaa, hulibebi. Sabuni moja mnaoga watu wanne, na atakayeiangusha mtoni ajue ameangusha usafi wa wenzake.

Kogo, yaani bibi yangu, hakukubaliana na elimu hiyo. Kwetu mtu haendi nyumbani kwa watu mikono mitupu, basi akaanza kuweka vitu kando ya mlango: kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kulala yenye masizi, kisha mahindi, kisha jogoo aliye hai na mwenye hasira. Nikamwambia, "Kogo, mwalimu amesema mzigo mwepesi." Akanitazama kama karani anavyotazama majani yaliyokomaa. "Anayetembelea watu bila mzigo ni mwizi," akasema, "na mwambie huyo mwalimu nimesema hivyo." Nikamwambia. Mwalimu, ambaye naye alikuwa na bibi, akaamua kwaya nzima ibebe kibuyu kimoja kwa zamu, na kiwe cha Kogo. Jogoo alibaki nyumbani.

Juzi juzi sisi tuliomaliza pamoja shule ya jioni pale Litein tulienda Kigali kutembea. Mwenzetu mmoja alikuja na masanduku mawili ya magurudumu, makubwa kiasi cha kulaza ndama, na kila palipokuwa na ngazi tuliyabeba sisi wenzake, huku yeye akitutia moyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, lakini aliyesema hivyo hakuubeba. Utotoni mwangu mzigo wa mtu ulipimwa kwa mapafu yake. Siku hizi unapimwa kwa mapafu ya wenzake. Sisemi zamani ilikuwa bora. Magurudumu ni kitu kizuri, penye lami.

Basi mimi, kwa ajili ya ile ndoana, nilipunguza kuliko wote. Nilitoa viatu, nikatoa taulo, nikatoa shuka, hadi begi likabaki na shati la kwaya na mswaki. Lakini mwili wangu bado ulikuwepo, na ndoana haibagui. Nikaacha kula. Ugali wangu wa jioni niliupitisha chini ya meza kwa mbwa wetu, ambaye alinenepa hadi majirani wakaanza kumwamkia. Mama alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa, nikazidi kuwa mwepesi, nikafurahi.

Siku ya kupanda kilima nilikuwa na begi jepesi kuliko yote katika historia ya Konoin. Nilifika mlangoni pa kanisa, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya panya aliyefunikwa na debe. Nikaketi chini bila kuambiwa. "Ngeno amebeba hewa na imemshinda!" Kiplangat akapiga kelele, na wote wakaangua kicheko. Mwalimu alilifungua begi, akaligeuza, akalitikisa. Hakucheka. "Sina cha kukupunguzia," akasema. "Utapanda tena baada ya chakula. Ukishindwa, Kibet anayengoja nafasi atavaa hilo shati."

Mama Moraa, Mkisii aliyeuza ndizi soko la Chepilat na ambaye angefuatana nasi kutupikia, alikuja na sahani ya ndizi za kupikwa na maharagwe. Yeye alikuwa amevuka mpaka mara nyingi kwa biashara zake. Nikageuza uso. Akaketi nyasini kando yangu. "Kijana, unaumwa, au chakula changu ndicho kinaumwa?" Nikamweleza yote: ndoana, kikapu, mzee mwenye wajukuu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaisogeza sahani karibu na mkono wangu.

"Mzani upo," akasema, "lakini ni wa malori. Lori linapanda juu yake na mzigo wake, linapimwa, linaenda. Watu wanapita upande mwingine, wanaonyesha karatasi, basi. Hakuna mtu wa kukupima wewe. Kula, baba, upande."